Mzimu Bila Gofu: Uhakiki wa Masimulizi ya Mahali Penye Mizimu Mjini Goma

1.0 Utangulizi

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili amezoea kukutana na mizimu penye magofu. Mzimu wa pwani una makao yanayojulikana: msikiti ulioporomoka paa, kaburi la mnara, mbuyu, pango, kisima kilichokauka. Mfano ulio mashuhuri ni Gedi, karibu na Malindi, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17 na kumezwa na msitu. Hata mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kupachimba mwaka 1948, alikiri katika maandishi yake kwamba siku za mwanzo alihisi kuna kitu nyuma ya kuta kikimtazama. Gofu ndilo linalomwalika mzimu. Ukuta uliosimama bila mwenyewe hudai kuelezwa, na mzimu ni mojawapo ya majibu ya dai hilo.

Mji wa Goma, Kivu ya Kaskazini, hauna magofu ya aina hiyo. Mji wenyewe ni mchanga kwa umri: ulikua kutokana na kituo cha Wabelgiji kilichokabiliana na Gisenyi, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Tena yaliyokuwapo humo hayakuachwa yasimame hata yakawa magofu. Tarehe 17 Januari 2002 ujiuji wa moto wa mlima Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani, ukafunika takriban asilimia 13 ya eneo lake, pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na sehemu ya uwanja wa ndege. Mwamba ulipopoa, watu walirudi wakajenga juu yake, na kuta za nyumba mpya na za nyua wakazijenga kwa mawe meusi ya mwamba ule ule. Kwa hiyo historia ya Goma haionekani kwa kuinua macho, kwa sababu imelala chini ya nyayo.

Hata hivyo Goma ina mahali panapoogopwa, na woga huo una masimulizi yake. Makala haya yanakusudia kuyahakiki masimulizi hayo kama fasihi. Tutachunguza sehemu tatu: kreta ya Nyiragongo, mabonde madogo yenye hewa ya kuua yaitwayo mazuku, na makaburi ya halaiki ya mwaka 1994. Hoja yetu ni kwamba njia mbili zilizozoeleka za kuyasoma masimulizi ya mizimu, ile ya kuyaumbua na ile ya kuyatetea kwa faida yake, hazitoshi hapa. Tunapendekeza kwamba mhakiki akianze kisa cha mzimu kwa swali jepesi kulitamka na gumu kulijibu: mzimu huu unamdai nani?

2.0 Istilahi na Utanzu

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili sanifu neno mzimu lina maana mbili zinazokaa pamoja: roho ya mtu aliyekufa, na mahali ambapo roho hizo huaminiwa kuwapo na kufanyiwa tambiko. Kisarufi, neno hili limewekwa katika ngeli ya mzimu na mizimu, pamoja na mti, mlima na mto. Katika Kinyarwanda, ambacho ni lugha ya kwanza ya wakazi wengi wa eneo hilo, shina ni lile lile, lakini ngeli ni ya watu: umuzimu, abazimu. Huko kuzimu huitwa ikuzimu, nako ni chini ya ardhi.

Tofauti hii si ndogo kwa mhakiki. Sikio lililozoea Kiswahili cha pwani likisikia mzimu husikia kwanza mahali. Sikio lililozoea Kinyarwanda husikia kwanza mtu. Msemaji wa Goma, ambaye aghalabu ana lugha mbili au tatu kinywani, anaweza kusikia yote mawili kwa pamoja: mahali palipo na mtu, au mtu aliyegeuka mahali. Tukiyasoma masimulizi yake kwa kamusi ya pwani peke yake, tutampoteza mtu na kubaki na pango.

Suala la pili ni la utanzu. M. M. Mulokozi, katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, alituwekea ramani ambayo bado inatumiwa madarasani. Humo hadithi za kubuni kama ngano zinatenganishwa na masimulizi yanayodai kuwa ya kweli, kama visakale na kumbukumbu, na pembeni kuna visasili, yaani masimulizi ya asili ya ulimwengu na ya nguvu zilizo juu ya binadamu. Kisa cha mahali penye mzimu tukiweke wapi? Kina mambo yasiyoaminika, kama ngano. Kinataja mtaa, bonde na msimu, kama kumbukumbu. Kinagusa wafu na nguvu za kuzimu, kama kisasili. Kwa desturi wakusanyaji wamekitia katika kapu la ngano, na papo hapo kikapoteza kitu muhimu kuliko vyote, yaani jina la mahali. Ngano hutokea “hapo zamani, mahali fulani”. Kisa cha mzimu hutokea pale, nyuma ya nyumba ile, na msikilizaji atapita hapo akirudi kwake.

Kwa maoni yetu, Mulokozi mwenyewe ametupa ufunguo wa tatizo hili aliposisitiza kwamba muktadha na namna ya uwasilishaji ni sehemu ya utanzu. Katika kisa cha mzimu, mahali ni zaidi ya mandhari. Ardhi ni mshiriki wa utendaji, sawa na fanani na hadhira. Ukikihamisha kisa kutoka mahali pake, umekata kiungo chake kimoja.

3.0 Njia ya Bwana Msa

Katika riwaya ya Kiswahili, mlango wa mada hii ulifunguliwa na Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar (1918–1991). Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, inaanzia hasa penye tatizo letu: mwenye mali ameuawa, na maiti yake imekutwa mahali panapoogopwa kwa mizimu. Jamii inayomzunguka marehemu ina maelezo yake tayari. Ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake, akifuatana na Najum, akakataa kuutazama mzimu kama mtuhumiwa. Kwake yeye mzimu ni pazia, na nyuma ya pazia yuko mtu aliye hai mwenye sababu za kuua.

Njia hii ina fadhila zake, na haifai kubezwa. Katika siku zile za kuelekea uhuru, riwaya iliyomfundisha msomaji wa Kiswahili kudai ushahidi badala ya kutishika ilikuwa tendo la kisiasa. Inatukumbusha pia kwamba watu hutumia mizimu kuficha uhalifu. Tangu hapo, sehemu kubwa ya uhakiki wetu imemfuata Bwana Msa, mara nyingi bila kumtaja. Mhakiki anafika penye mzimu, anavuta kiko, anafumbua, kisha anarudi nyumbani na neno “ushirikina” likiwa ndilo hukumu.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inauliza swali moja tu: je, mzimu upo? Jibu likiwa hapana, kisa kinakwisha. Lakini kisa kilikuwa kinasema mengi zaidi ya kuwapo kwa mzimu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake juu ya uvumi wa wanyonya damu Afrika Mashariki na ya Kati (2000), alionyesha kuwa masimulizi ya mumiani na batumbula, ambayo hakuna mwanahistoria anayeyasadiki kwa maana ya moja kwa moja, ni ushahidi bora wa jinsi watu walivyouelewa ukoloni, kazi na hospitali. Kisa kisicho cha kweli kinaweza kusema kweli. Mtu wa kwanza kushindwa na jambo hili, lau angefika Goma, angekuwa Bwana Msa mwenyewe, kwa maana huko angekuta maiti isiyo na jeraha, wala alama za mikono shingoni, wala muuaji. Nalo pazia, akilifunua, angekuta nyuma yake pana hewa tupu. Na hewa hiyo ndiyo iliyoua.

4.0 Nyiragongo: Moto wa Wasioingizwa

Kabla hatujafika kwenye hewa hiyo, tuutazame mlima. Nyiragongo una kimo cha meta 3,470, na kreta yake imekuwa maarufu kwa ziwa la ujiuji wa moto ambalo usiku huyapaka mawingu rangi nyekundu, nao wakazi wa Goma huutazama mwanga huo kutoka nyumbani kwao. Nyira- ni kiambishi cha majina ya kike katika Kinyarwanda. Kwa hiyo mlima ni mama, au angalau ni mwanamke.

Katika mapokeo ya kubandwa, ibada iliyoenea Rwanda na nchi jirani kabla ya Ukristo, milima ya Virunga imegawiwa wafu. Ryangombe, mkuu wa imandwa, aliuawa na nyati mawindoni. Baada ya kufa alifanya makao yake Karisimbi, mlima mrefu kuliko yote wa safu hiyo, ambao kilele chake mara nyingine hufunikwa na weupe. Walioingizwa katika ibada yake wakifa huenda kwake huko kwenye baridi na raha. Wasioingizwa huenda Nyiragongo kuungua.

Hiki ni kisasili, na ni kizuri. Kinachukua vilele viwili vinavyoonekana na kila mtu, kimoja cheupe, kingine chekundu, na kuvifanya mizani. Lakini tukiuliza swali letu, mzimu huu unamdai nani, tunaona kwamba uzuri wake una makali. Moto unamdai yule ambaye hajajiunga. Kisasili ni wito wa uanachama: kila usiku mlima unawaonyesha walio hai mahali watakapokwenda wasipoingizwa. Wale wanaotuambia kwamba masimulizi ya mizimu daima ni sauti ya wanyonge wangefanya vema kukitazama tena kisa hiki. Mzimu unaweza kuwa mtumishi wa taasisi.

Wageni nao hawakuja mikono mitupu. Gustav Adolf von Götzen alipanda Nyiragongo mwaka 1894. Mtaalamu wa volkano Haroun Tazieff, aliyeanza kuichunguza kreta hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940, aliiita filamu yake ya mwaka 1959 juu ya volkano za dunia Les Rendez-vous du diable, yaani miadi na shetani. Mwanasayansi aliyeshuka kreta kwa kamba akiwa na vipimo hakuona tabu kumwazima shetani alipotaka jina la filamu. Hatumlaumu, tunachosema ni kwamba mpaka kati ya mapokeo na sayansi ulikuwa na njia za panya pande zote mbili.

5.0 Mazuku: Kisa Ndani ya Neno Moja

Upande wa magharibi wa Goma, kando ya Ziwa Kivu kuelekea Sake, kuna mashimo na mabonde madogo katika mwamba wa kale wa volkano ambamo kabonidayoksaidi hutoka ardhini na kutuama. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu; haina rangi wala harufu inayoonya. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, huongezeka. Jua na upepo wa mchana huitawanya. Ikizidi sehemu 10 kwa mia ya hewa mtu hupoteza fahamu, na ikizidi zaidi huua kwa dakika chache. Kwa kuwa hukaa chini, mbwa, mbuzi na mtoto hufa kabla ya mtu mzima aliyesimama, na mtu mzima hufa akiinama kumwokoa mtoto.

Watu wa Goma waliipa hali hii jina: mazuku. Wanajiolojia hulifasiri kuwa upepo mbaya, au upepo unaopita na kuua usiku. Nao waliikuta istilahi ikiwa tayari, wakaichukua. Benoît Smets na wenzake waliitumia katika kichwa cha makala yao ya mwaka 2010 juu ya matundu ya gesi ya eneo hili, na leo mtaalamu wa volkano wa bara lolote anaweza kuandika mazuku bila kueleza. Ni maneno machache ya Kiswahili yaliyoingia katika sayansi ya dunia kwa njia hiyo.

Mhakiki wa fasihi ana haki ya kulisoma neno hili kama kisa kilichobanwa. Fasiri yake ina wakati, yaani usiku. Ina mwendo: unapita, hauonekani. Ina tendo: unaua. Ina tabia: ni mbaya. Mambo matatu ya mwanzo yamethibitishwa na vipimo. La nne vipimo haviwezi kulithibitisha, na hilo ndilo la fasihi. Kwa nini upepo uwe na ubaya?

Jibu jepesi ni kwamba wasimulizi hawakujua kemia. Sisi tunaonelea kwamba ubaya huo una kazi. Kifo cha ghafla kisicho na jeraha, katika jamii nyingi za eneo hili, huleta swali la nani amemroga marehemu, na swali hilo limekwisha kuwagharimu maisha vikongwe wasio na hatia. Upepo hauna ukoo, wala si mke mwenza au jirani. Kisa kinapoutia ubaya katika upepo wa mahali fulani, kinaichukua lawama kutoka mlangoni mwa mtu na kuizika katika bonde. Kwa maana hiyo mazuku ni mzimu wenye huruma: unaua, lakini haumsingizii mtu.

Lugha ya usimulizi nayo ina lake. Kiswahili sanifu husema “inasemekana”, tamko lisilo na msemaji, ambalo humwezesha mtoa habari kunawa mikono. Kiswahili cha Kivu kina banasemaka: ba- ni wasemaji walio watu kamili, na -ak- kabla ya irabu ya mwisho huonyesha tendo la mazoea. Banasemaka ni “watu husema, na wamezoea kusema, na wataendelea”. Ni kauli ya ushahidi unaorudiwa. Kisa cha mahali penye mzimu huishi kwa mazoea hayo: siku kisipotajwa, bonde linabaki na gesi yake bila onyo.

Hapa ndipo msomaji wa njia ya pili, ile ya utetezi, anapofurahi. Atasema: tazama, wazee walikuwa na haki, hadithi ilikuwa sayansi iliyovaa kanga. Atataja pia Ziwa Nyos la Kameruni, lililotema gesi tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Mwanaanthropolojia Eugenia Shanklin, katika makala ya mwaka 1989, alionyesha kuwa masimulizi ya jadi ya nyanda zile yalikuwa yakitaja maziwa yanayolipuka na kuangamiza watu. Ziwa Kivu lenyewe lina gesi nyingi mno kuliko Nyos: takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani, zikipimwa katika hali ya kawaida ya hewa. Mlima ulipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, hofu ya gesi hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za kuamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe tarehe 27 Mei.

Utetezi huu unavutia, lakini tusiukubali bila sharti. Kwanza, unampa mwanajiolojia kiti cha hakimu wa fasihi. Kisa kilichothibitishwa na kipimo kinasifiwa. Kisichothibitishwa kinarudi katika kapu la ushirikina. Huyo ni Bwana Msa yule yule, safari hii amebeba kipima gesi. Pili, unasahau kwamba onyo lililo katika kisa hufanya kazi kwa wenyeji tu. Vita vya M23 vilipoanza tena mwishoni mwa mwaka 2021, mamia ya maelfu ya watu wa Rutshuru, Masisi na kwingineko walikimbilia pembezoni mwa Goma. Wengi walipiga vibanda Bulengo na Lushagala, upande huo huo wa magharibi wenye mazuku, na walikaa huko hadi kambi zilipovunjwa baada ya mji kutekwa mwishoni mwa Januari 2025. Mgeni aliyefika usiku na watoto mgongoni na turubai kichwani hakurithi kisa cha bonde lile. Bonde lenye kinga ya upepo, linaloonekana kuwa pazuri pa kulala, ndilo ambalo mwenyeji angemkanya.

Tulisema kwamba ukikihamisha kisa kutoka mahali pake umekata kiungo chake. Hapa tunaona kinyume chake: watu walihamishwa wakaletwa mahali, na kisa hakikuwa na wakati wa kuwafikia. Basi tukirudia swali letu, mazuku yanamdai nani? Kwa mwenyeji, yanamdai mzembe. Kwa mkimbizi, yanamdai asiye na pa kulala, na hapo ule ubaya uliozikwa bondeni unafaa kufukuliwa. Upepo hauna ukoo, lakini aliyewafukuza watu makwao ana jina. Kisa kilichomwokoa jirani dhidi ya tuhuma za uchawi kinaweza pia kumwokoa mwenye bunduki dhidi ya lawama, kikisomwa bila uangalifu.

6.0 Makaburi ya 1994: Wafu Wasioitwa

Sehemu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mwezi Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, watu wapatao 850,000 walivuka mpaka na kuingia Goma na viunga vyake kwa muda wa siku chache. Kipindupindu kilifuata, kisha kuhara damu. Uchunguzi uliochapishwa na wataalamu wa afya mwaka 1995 ulikadiria kuwa karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Mwamba wa volkano ulikuwa mgumu mno kwa jembe. Wafu walizungushiwa mikeka na kulazwa kando ya barabara, malori yakawakusanya, na wanajeshi wa Kifaransa wakachimba mashimo ya halaiki kwa mashine.

Mwenye kutarajia hapa kisa cha mzimu cha kawaida, chenye kivuli cheupe na kilio cha usiku, hajaifahamu mila ya wafu hao. Katika guterekera, desturi ya Wanyarwanda ya kuwapa wafu sadaka, umuzimu hushughulikiwa na jamaa zake: huitwa kwa jina, hutengewa kitu, huombwa atulie. Inahitajika ndugu aliye hai, inahitajika jina, inahitajika nyumba. Shimo la halaiki linaondoa vyote vitatu kwa mkupuo. Wafu hao hawawezi hata kuwa mizimu ya kawaida, kwa kuwa hakuna aliyebaki hapo wa kuwaita, na mtaa unaoota juu yao ni wa watu wengine.

Kuna ugumu mwingine ambao uhakiki wa heshima hauwezi kuukwepa. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo watu walioshiriki mauaji ya kimbari, na walikuwamo watoto wachanga. Kipindupindu hakikuwachagua, wala shimo halikuwatenga. Kisa chochote cha mzimu juu ya ardhi hiyo kingelazimika kuchagua mfu wa kumpa sauti, na kila chaguo lingekuwa tamko la kisiasa katika nchi ambayo vita vyake, tangu 1996 hadi leo, vimekuwa vikichota hoja kutoka mwaka ule. Kwa hiyo ukimya juu ya ardhi kama hiyo si upungufu wa fasihi. Ukimya nao husomwa. Mbinu ya kuumbua haina la kufanya hapa, kwa sababu hakuna aliyeficha kitu. Mbinu ya utetezi nayo haina, kwa sababu hakuna kipimo kitakachokuja kuthibitisha haki ya wafu.

Riwaya ya Kiswahili iliyokaribia zaidi tatizo hili, kwa maoni yetu, ni Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001). Humo mfu anarudi kumsumbua mjukuu wake aliyenufaika na utawala uliooza. Mzimu wa riwaya hiyo si pazia kama ule wa 1960. Ni mdai aliyekuja na hesabu mkononi, na mdaiwa anajulikana. Katika miaka 41 iliyo kati ya riwaya hizo mbili mzimu wa fasihi yetu umetoka kwenye kizimba cha mtuhumiwa ukaingia katika kile cha mlalamikaji. Hata hivyo babu yule ana mjukuu. Mfu wa 1994 hana, na ndiyo sababu Goma inatudai njia ya kusoma ambayo hata riwaya hiyo haijatupa.

7.0 Hitimisho

Tumeona mizimu ya namna tatu katika mji mmoja. Moto wa Nyiragongo ulimdai asiyejiunga, na kwa hiyo ulikuwa chombo cha ibada yenye mamlaka. Mazuku yanamdai anayelala pasipojulikana. Ni onyo, ni ngao dhidi ya tuhuma za uchawi, na papo hapo ni kificho kinachoweza kutumiwa vibaya. Wafu wa 1994 wanamdai mtu ambaye hajajitokeza. Hakuna hukumu moja, iwe “ushirikina” au “hekima ya wahenga”, inayoweza kuwatosha wote watatu.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo mawili kwa wanafunzi na walimu wa fasihi simulizi. La kwanza ni kwamba kisa cha mahali penye mzimu kisiandikwe tena bila jina la mahali, wakati wa siku, na lugha iliyotumika, pamoja na viambishi vyake. Anayesanifisha banasemaka kuwa “inasemekana” amewafuta mashahidi. La pili ni kwamba mahali ambapo kisa hubeba onyo la uhai, kama Bulengo, kazi ya mkusanyaji isiishie kwenye kabati la idara. Bango la onyo husema “hatari”, kisha hunyamaza. Kisa husema saa ngapi, pahali gani, na kwa nini mtoto ndiye hutangulia. Wageni wakifika tena pale, na historia ya mji huu haitupi sababu ya kudhani hawatafika, wasimulizi wawe karibu nao kama walivyo karibu wagawaji wa unga na maharagwe.

Gedi ina kuta, na kuta huweza kusubiri mtafiti kwa karne tatu. Goma haina. Mwamba ukishuka tena, utafunika mtaa pamoja na bonde lake na shimo lake, na juu yake patajengwa nyumba za mawe meusi. Kitakachokuwa kimebaki kuwaonyesha watu walipo wafu ni kile watakachokuwa wamezoea kusema.